Kutembeza Vipodozi Nyumba kwa Nyumba Tanga: Mwongozo wa Anayeanza

Maswali ni yale yale. Nianze na shilingi ngapi? Nikishabisha hodi niseme nini? Wakitaka kukopa niwape? Na lile ambalo watu huniuliza kwa sauti ya chini: krimu za kung'arisha zinatoka sana, kwa nini wewe huziuzi? Nimechoka kuyajibu moja moja kwenye simu. Nayaweka hapa yote, kwa mtu mwenye kazi yake nyingine, awe mwalimu, muuguzi, fundi cherehani au mwanachuo, anayetaka kutembeza vipodozi jioni na mwisho wa wiki hapa Tanga mjini.

Jambo moja lishike tangu sasa maana hatua zote zinalitegemea. Mlango wa kwanza haulipi. Mara ya kwanza mama ananunua sabuni ya elfu mbili ili akuone ulivyo. Hela iko kwenye ile mara ya tatu unayorudi, losheni yake imekaribia kwisha na wewe unajua hivyo kwa sababu uliandika. Ndiyo maana nitakuambia uchague mitaa michache uing'ang'anie, usizunguke mji mzima kama gari la matangazo.

Kabla hujaanza

Usitoke na mkoba kabla hujawa na hivi:

- Mtaji usio na mwenyewe mwingine. Laki moja hadi laki na nusu inatosha kuanzia. Isiwe hela ya ada, isiwe hela ya kikoba, na mikopo ya kausha damu usiiguse kabisa: wakopeshaji hao wanataka marejesho kila siku au kila wiki, na wateja wako watalipa mwisho wa mwezi.
- Daftari la kaunta, kwaya moja, na kalamu mbili. Simu huzima ukiwa uani kwa watu, tena mteja anaamini zaidi maandishi anayoyaona kwa macho yake.
- Mkoba mgumu wenye zipu. Kwenye fuko laini vifuniko vinafunguka na losheni inamwagikia poda.
- Testa, yaani kopo moja lililofunguliwa kwa kila bidhaa unayoitegemea, pamoja na pamba za masikio, tishu na kioo kidogo. Kioo watu wengi hukisahau, na bila kioo rangi ya mdomo hainunuliki.
- Mifuko mbadala au ya kaki. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na faini yake italamba faida ya mwezi.
- Laini ya miamala iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Mteja akituma hela likatokea jina asilolijua, anasita.
- Chenji. Beba noti za elfu moja na sarafu za mia tano za kutosha.
- Kitambulisho cha NIDA na namba ya TIN. TIN inatolewa bure na TRA, kwa hiyo usimlipe mtu wa kijiweni akutafutie. Habari ya leseni au kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo, uliza ofisi ya biashara ya Halmashauri ya Jiji, au anza na mtendaji wa mtaa wako.

Hatua ya 1: Amua unatembeza mali ya nani

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kuwa wakala wa kampuni yenye katalogi: unajisajili, unaonyesha picha, unakusanya oda, unapata mzigo kwa punguzo au unalipwa kamisheni. Ya pili ni mali kauli: mwenye duka la jumla anakupa bidhaa kwa kuaminiana, unauza, unampelekea hela yake na kinachozidi kinabaki chako. Ya tatu ni kununua kwa hela yako, Ngamiani madukani au kuagiza Kariakoo mzigo ukaushushie stendi ya Kange.

Kwa anayeanza mimi humshauri achanganye ya tatu na kidogo ya pili. Katalogi ni nzuri, ila wateja wetu wengi hawanunui picha. Mama anataka anuse, apake mkononi, amwite jirani naye anuse.

Ukiamua kwenda na kampuni, uliza haya kabla ya kutoa senti: ada ya kujisajili ni kiasi gani na inanipa nini? Bidhaa zisipouzika mnazirudisha? Kuna kiwango cha lazima cha kununua kila mwezi? Napata faida kwa kuuza au kwa kuingiza watu?

Angalizo: swali hilo la mwisho ndilo la kukuokoa. Kama hela inatokana na ada za wanaoingia chini yako na vipodozi vipo tu kama pambo, hiyo ni piramidi, na hapa Tanzania kuendesha piramidi ni kosa la jinai. Dalili yake iko wazi: kwenye kikao watakuonyesha picha za magari kuliko watakavyokuonyesha makopo.

Hatua ya 2: Chagua mitaa, sio mji

Chukua mitaa miwili au mitatu inayofikika kwa miguu au baiskeli kutoka kwako au kazini kwako. Baiskeli Tanga si aibu, na inakuokolea hela ya bodaboda ambayo ndiyo inayokula faida ya wengi.

Ngamiani ndiyo shule. Barabara zake zina namba na zimenyooka, kwa hiyo ni rahisi kuandika daftarini "Bar. ya 9, mlango wa kijani". Halafu zile nyumba zenyewe: korido katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma. Hodi moja inakupa familia tatu, nne au tano kwa mpigo. Lakini nyumba hizo zina utaratibu wake. Anza na mwenye nyumba, au bi mkubwa yeyote anayeheshimika pale, hata kama unajua hatanunua. Akikukubali, yeye mwenyewe ataita, "Njooni muone, kuna mtu na mafuta." Ukimruka ukaenda moja kwa moja kwa mpangaji binti wa chumba cha mwisho, siku hiyo utauza, ya pili utaambiwa watu hawapo.

Makorora, Chuda na Mikanjuni zinafanana na hivyo. Raskazone ni habari nyingine: mageti, mlinzi, mbwa. Huko usibishe hodi ovyo. Tafuta mteja mmoja kwanza, wa kazini au msikitini au kanisani, akupe namba za wenzake, uende kwa miadi.

Kabla ya siku ya kwanza, mpitie mjumbe na mwenyekiti wa mtaa. Jitambulishe, onyesha kitambulisho, waonyeshe unachouza. Siku mtu akidai kuna dada anazunguka na dawa za kuwachubua watoto wa watu, awepo mtu wa kusema huyo namjua.

Hatua ya 3: Jua saa, na jua tarehe

Saa nzuri ya asubuhi ni kati ya saa tatu na saa tano: watoto wameshaenda shule, ua umeshafagiwa, sufuria ya mchana bado. Wewe mwenye ajira hiyo utaipata Jumamosi na Jumapili. Siku za kazi, saa yako ni baada ya alasiri, saa kumi mpaka kumi na mbili kasoro. Magharibi ikiingia, funga mkoba. Adhuhuri mwache mtu apike na aswali, na Ijumaa mchana usimsumbue mtu.

Tarehe ni muhimu kuliko saa. Walimu, wauguzi na watumishi wengine wa serikali mshahara wao huingia wiki ya mwisho ya mwezi. Wauzie na uwadai wiki hiyo. Wenye genge na mama lishe wana hela kidogo kidogo kila siku, hao usiwasubirishe mwisho wa mwezi, chukua elfu mbili mbili.

Kwa upande wa wavuvi wa Deep Sea na Sahare, kalenda ni mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Kukiwa na giza samaki wanaifuata taa, mbalamwezi ikitanda wengi wanakaa nchi kavu wakishona nyavu. Kwa hiyo mama anayekaanga au kuanika dagaa ana hela siku za giza. Ukimfuata na lipstiki mwezi umekuwa sahani atakukaribisha vizuri, atakupa maji, na hatanunua kitu.

Halafu kuna misimu. Shaabani na Mfunguo Mosi ni harusi: hina, udi, singo, poda, manukato. Kumi la mwisho la Ramadhani ni oda za Idi, zikusanye mapema na uzilipishe nusu mkononi. Wapo wasiopenda kunusishwa marashi mchana wa mfungo, nao usibishane nao. Pita baada ya futari au waonyeshe sabuni tu.

Hatua ya 4: Panga mzigo wa kwanza

Aina chache, kila aina kopo kadhaa. Anayeanza hupenda kubeba kila kitu kimoja kimoja, matokeo yake anachoulizwa kimeisha na asichoulizwa kimejaa. Mzigo wa kuanzia ambao hautakulalia: sabuni ya kuogea, mafuta ya mgando, losheni ya saizi ya kati, diodoranti, poda, wanja, lipstiki za rangi tatu (moja iwe ya kahawia, hiyo hata bibi ananunua), na manukato ya aina mbili. Ya mafuta yasiyo na spiriti usiyakose, wengi hapa wanayataka hayo kwa ajili ya ibada. Ukipata mtu anayetengeneza liwa na singo safi, beba. Vinauzika wiki nzima kabla ya harusi.

Sasa lile swali la krimu. Geuza kila kopo usome nyuma kabla hujalilipia. Ukikuta kwenye viambato limeandikwa hydroquinone, mercury, mercurous chloride au calomel, lirudishe. Hydroquinone na zebaki haziruhusiwi kwenye vipodozi nchini. Zebaki inapita kwenye ngozi na inaharibu figo. Ukikuta clobetasol au betamethasone, hizo ni steroidi, dawa ambazo daktari wa ngozi humpa mtu mwenye ugonjwa kwa muda maalumu. Haziingii kwenye mkoba wa mtembezaji. Na kopo lisilo na orodha yoyote ya viambato, au krimu iliyochotwa kwenye ndoo na kufungwa upya, huo ni mkorogo hata ukipewa jina zuri.

Ndiyo, zinatoka. Mteja anang'aa wiki chache, anakuletea na shoga zake. Halafu ngozi inakuwa nyembamba, jua la saa saba linamuunguza, chunusi na madoa meusi yanamjaa shavuni, akiacha kupaka inakuwa mbaya zaidi. Wewe unakaa mtaa huo huo. Yule muuza duka wa mjini hatamuona tena. Wewe utakutana naye kisimani, shuleni na msibani.

Jambo jingine la hapa kwetu ni piko, ile hina nyeusi. Hina ya asili hutoa rangi nyekundu inayokwenda kwenye kahawia, haiwi nyeusi tii. Ile nyeusi mara nyingi ni dawa ya nywele, na kiambato chake cha PPD kinaweza kumbabua mtu ngozi mpaka malengelenge. Kama unaiuza, iuze kwa ajili ya nywele na useme hivyo, hasa kwa bibi harusi.

Usimamizi wa vipodozi uko kwa TBS, yaani Shirika la Viwango, tangu 2019, ulipohamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Muulize anayekuuzia kama bidhaa imesajiliwa, na dai risiti. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Kuna pia kile kikopo kidogo kilichochorwa kikiwa wazi, na ndani yake 6M au 12M: maana yake ni miezi ya kutumia tangu kufunguliwa. Testa zako nazo zinahesabiwa, ziandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito.

Angalizo la joto: usiweke mzigo juu ya kabati chini ya bati. Uweke chini, chumba chenye hewa, ndani ya boksi. Januari na Februari lipstiki zinalegea na krimu inatoa maji. Ukitembea, mkoba usiuache juani kwenye kerieri ya baiskeli.

Hatua ya 5: Bisha hodi

Simama nje, sauti ya kawaida, usichungulie dirishani. Hodi mara tatu; kukiwa kimya, ondoka. Kisha iwe hivi:

— Hodi! Hodi wenyewe!

— Karibu.

— Shikamoo mama.

— Marahaba mwanangu, hujambo?

— Sijambo. Habari za hapa?

— Njema. Karibu ukae.

— Ahsante mama. Mimi ni jirani yenu wa Barabara ya 14, nyumba ya kona. Natembeza mafuta na sabuni. Leo nimekuja mnijue tu. Kama mna nafasi nitawaonyesha, kama mna kazi nitapita Jumamosi baada ya alasiri.

Ukiwa na umri mdogo, mwite mama, bibi au shangazi kulingana na umri wake. Wa rika lako mwite dada. Usijipeleke kwenye "shoga" mpaka yeye akuite hivyo kwanza. Ukipewa mkeka, vua viatu, kaa. Ukipewa maji, kunywa hata funda moja. Ukikuta msiba au mgonjwa, mkoba hauzungumzwi kabisa: pole, kaa kidogo, nenda.

Kaka unayefanya kazi hii, na mpo, simama barazani. Usiingie uani bila mwenye nyumba au mtu mzima wa kiume kuwapo, au nenda na dada yako. Sabuni, diodoranti na manukato ya wanaume zitakulisha vizuri hata barazani kwenye kahawa. Na wewe dada, ukikuta mume peke yake, acha salamu na urudi siku nyingine.

Hatua ya 6: Onyesha, usihubiri

Toa vitu vitatu, si mkoba mzima. Muulize anatumia nini sasa na kinamsumbua nini, halafu nyamaza. Akisema mafuta aliyonayo yanamtoa jasho, ndipo unajua ya kumpa.

Testa haishikwi na vidole vya watu. Chota kwa pamba, mpake nyuma ya mkono. Lipstiki usiipitishe mdomo kwa mdomo. Kata kidogo kwa kijiti, na kijiti kikishatumika kinatupwa. Mwenye ngozi nyepesi kudhurika, mpake kidogo ndani ya kiwiko mwambie asubiri mpaka kesho kutwa kabla ya kununua. Utapoteza mauzo ya leo, sawa.

Kuonjesha ni mbinu kongwe. Mmarekani David McConnell alikuwa akiuza vitabu nyumba kwa nyumba, akawa anagawa vichupa vya manukato ili afunguliwe mlango. Akaona manukato yanapendwa kuliko vitabu, na mwaka 1886 akaanzisha kampuni ya manukato, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Avon. Wewe huna haja ya kugawa vichupa. Tone moja kwenye mtandio wa mteja linakaa mpaka usiku, na mumewe akiuliza ni nini hicho, umeshauza.

Usiahidi kutibu. Losheni hailainishi ugonjwa. Mtu akikuonyesha upele wa mtoto au baka lisilopona, mwelekeze kituo cha afya au hospitali ya Bombo.

Hatua ya 7: Bei na deni

Bei iwe moja kwa nyumba nzima. Ukimpunguzia wa chumba cha kwanza mia tano, wa chumba cha nne atajua kabla hujafunga zipu. Ukitaka kupunguza, punguza kwa idadi: akichukua mbili.

Kukopesha huwezi kukwepa. Kinachowezekana ni kuweka mipaka:

1. Mteja mpya halipi baadaye. Anaanza na taslimu, hata sabuni moja.
2. Wa kuanzia mara ya pili, nusu mkononi, nusu kwa tarehe anayoitaja yeye. Ukimpangia wewe, atakukumbusha kwamba hakukubali.
3. Hakuna deni juu ya deni.
4. Jumla ya madeni ya mtaa mzima isizidi theluthi moja ya mtaji wako. Ikifika hapo, unasema mzigo wa mkopo umeisha, na ni kweli.
5. Usiongeze hata senti kwa kuchelewa. Utaitwa mla riba, na jina hilo Tanga halifutiki.

Daftarini andika mbele yake: tarehe, jina, bidhaa, bei, alichotoa, kilichobaki, siku ya kulipa. Aone, aweke sahihi au alama. Kila mteja ukurasa wake, maana ukimfungulia Bi fulani aone deni lake asione na la jirani.

Kudai ni kwa siri. Usidai uani mbele ya wapangaji wenzake, wala usimtume mtoto. Ujumbe wa simu siku moja kabla unatosha: "Shikamoo mama, kesho nitapita saa kumi na moja. Ile elfu nne yetu." Ukifika akasema hana, chukua alichonacho, andika, chagueni siku nyingine.

Hatua ya 8: Rudi siku uliyosema

Ukisema Jumamosi baada ya alasiri, iwe Jumamosi baada ya alasiri, hata kama huna kipya. Mvua za masika zikikuzuia, piga simu. Kando ya kila bidhaa andika makadirio ya kwisha kwake: familia ya watu wangapi, kopo la ukubwa gani. Ukifika na losheni siku kopo lake linakwanguliwa kwa kidole, hutahitaji maneno.

Hatua ya 9: Hesabu ya mwisho wa mwezi

Chukulia umenunua mzigo wa 120,000 na kuuza wote kwa 165,000. Wengi husimama hapo wakisema wamepata 45,000. Endelea kutoa: usafirishaji wa mzigo 5,000, testa 8,000, bodaboda na vocha 8,000. Imebaki 24,000. Kama kuna deni la 15,000 halijaingia, mkononi una 9,000. Sasa unaelewa kwa nini nimepiga kelele kuhusu baiskeli na daftari.

Mtaji ule wa 120,000 hauguswi, urudi kuwa mzigo. Miezi mitatu ya kwanza hata faida usiile yote. Na usijikopeshe: losheni uliyoitoa kwenye boksi kwa matumizi ya nyumbani nayo inaandikwa daftarini, kwa jina lako, kwa bei ya mteja.

Ukikwama

*Mteja kapaka na uso umewasha au umevimba.* Aache mara moja, aoshe kwa maji mengi, asipake kitu kingine juu yake. Uvimbe ukifika machoni au mdomoni, au akipumua kwa shida, ni hospitali saa hiyo hiyo na kopo liende naye. Mrudishie hela bila mjadala, na mjulishe aliyekuuzia pamoja na TBS. Bidhaa hiyo usiitoe mkobani mpaka ujue kisa.

*Duka la jirani linauza chini ya bei yako.* Linganisha ujazo kwanza. Mara nyingi chupa ni ndogo. Kisha angalia kama ni feki: herufi zilizokosewa, rangi ya kifuniko, namba ya toleo isiyokuwepo. Kama ni ile ile na ni halali, achana na bidhaa hiyo, beba nyingine. Huwezi kushindana bei na mtu anayenunua kwa katoni.

*Mume amekataa mkewe asinunue.* Usimshauri mama anunue kwa kificho. Futa oda, msalimie baba ukikutana naye. Mara nyingi shida yake ni kutokujua hela inakwenda kwa nani.

*Mteja amehama na deni.* Mpigie mara mbili kwa upole, halafu lifute. Usiwaulize majirani kahamia wapi huku ukitaja kiasi.

*Watu wanaangalia, hawanunui.* Angalia tarehe ya mwezi kabla hujajilaumu. Kama ni wiki ya mishahara na bado, bei yako iko juu au unazungumza sana.

*Wanataka krimu ya kung'arisha tu.* Waonyeshe losheni ya kulainisha na mafuta ya kujikinga na jua. Watakaokataa, waache waende. Wengine hurudi baadaye na madoa usoni, wakitaka uwape cha kuyaondoa. Hao ni wa daktari wa ngozi, wala usijaribu.

*Kazini wamenibadilishia zamu, sina tena Jumamosi.* Punguza mitaa, usipunguze kurudi. Bora nyumba kumi unazozifikia kila wiki mbili kuliko barabara nne unazozipita ukijisikia.

*Nataka kupumzika kabisa.* Waambie wateja wiki mbili kabla, na usikopeshe tena kuanzia siku hiyo. Kusanya madeni, rudisha mali kauli zote na umalize hesabu na mwenye duka mbele ya daftari lake na lako. Makopo yaliyofungwa muuzie mtembezaji mwenzako kwa bei ya jumla. Testa tumia nyumbani, usizigawe.